Tupeane uzoefu: ANOVA kwenye vizimba, pamba na dagaa huku Kanda ya Ziwa

Sato_wa_Luchelele (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa kulinganisha wastani wa makundi kwa ANOVA (uchambuzi wa mtawanyiko: unapima kama tofauti kati ya makundi inazidi ile ya ndani ya makundi), hasa sisi tunaofanya majaribio ziwani na shambani. Vijana wengi wanaoniletea data wanajua kubonyeza programu mpaka thamani ya p itoke (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kama kweli makundi hayatofautiani). Wanapokwama ni kwenye swali linalotangulia: ni kitu gani hasa kilichopewa chakula, mbolea au dawa?

Naanza mimi. Kuna mfugaji alijaribu vyakula vinne vya sato, kila chakula vizimba vitatu, na kila kizimba wakapimwa samaki 30. Kwenye kompyuta alikuwa na mistari 360, F (tofauti kati ya vyakula ikigawanywa kwa mtawanyiko wa ndani yake) ikatoka kubwa, akaanza kupanga atanunua chakula kipi. Nikamwomba tusubiri. Chakula kilimwagwa kizimbani, hakikugawiwa samaki mmoja mmoja. Samaki wa kizimba kimoja maji yao ni yale yale, oksijeni ile ile, na wababe wanawanyang'anya wadogo punje zile zile, kwa hiyo uzito wao unafuatana. Kipimo kinachojitegemea hapo ni kizimba, na vizimba viko 12 tu.

Tukachukua wastani wa kila kizimba. Digrii za uhuru, yaani idadi ya taarifa zinazojitegemea, zikawa 3 kati ya vyakula na 8 ndani yake, na F ilitakiwa kuvuka 4.07 kwa kiwango cha asilimia 5 (hatari ya kuona tofauti isiyokuwepo). Haikuvuka. Aliumia, maana chakula cha samaki ni ghali, ila ndilo jibu ambalo data yake ingeweza kulibeba. Jaribio lililofuata aliongeza vizimba, samaki wa kupima akawapunguza.

Mkulima_Misungwi:
Asante mkuu, umegusa penyewe. Sisi wa pamba adui yetu ni mteremko. Usukumani kilima kimoja kina udongo wa aina kadhaa: juu luseni, mchanga mtupu, ukishuka bondeni unakanyaga mbuga nyeusi inayoshika maji. Ukipanda mbegu moja yote juu na nyingine yote chini, umelinganisha udongo, hujalinganisha mbegu. Tunakata bloku, yaani vipande vya shamba vyenye udongo unaofanana, kukingama na mteremko, kila bloku inapata mbegu zote, na nani akae wapi tunapiga kura. ANOVA inatenga tofauti ya bloku peke yake, na mtawanyiko unaobaki wa kupimia mbegu unakuwa mdogo.

Mwanatakwimu Ronald Fisher aliijenga njia hii ya ANOVA miaka ya 1920 akiwa Rothamsted, Uingereza, kituo cha utafiti wa kilimo. Alikuwa anahangaika na haya haya ya shamba moja lenye rutuba isiyolingana. Ndiyo maana wakulima tusiione hesabu hii kuwa ya watu wa mahesabu tu.

Dada_wa_Kayenze:
Mimi ni dagaa. Tulilinganisha kuanika mchangani, kwenye nyavu zilizotandikwa chini, na kwenye chanja, tukipima unyevu uliobaki. Jua la jana si la leo, kwa hiyo kila siku ya kuanika tuliifanya bloku.

Ninalotaka kuongeza ni hili: F ikivuka, inakwambia tu kwamba si makundi yote yenye wastani sawa. Haikutajii nani amemzidi nani. Hapo tunaenda kwa jaribio la Tukey, linalolinganisha jozi zote huku likidhibiti hatari ya jumla ya kukosea. Nimeona watu wanaruka F na kufanya jaribio la t (la kulinganisha wastani wa makundi mawili) kwa kila jozi. Makundi manne yana jozi sita, na kama kila jozi ina hatari ya asilimia 5, hatari ya kupata walau tofauti moja ya uongo inakaribia robo. Mama anayetaka kukopa ajenge chanja hastahili kupewa jibu la namna hiyo.

Kijana_Nyegezi:
Shikamooni. Je, mtawanyiko wa makundi usipolingana? Na vizimba vyangu 12 viko safu tatu, safu ya kwanza iko karibu na ufukwe, ya mwisho iko kwenye kina. Vyakula ni vinne.

Sato_wa_Luchelele:
Marahaba kijana. Chora kwanza mabaki, yaani tofauti ya kila kizimba na wastani wa kundi lake. Ukiona kundi lenye samaki wakubwa ndilo limetawanyika zaidi, jaribu kutumia logi (logarithi) ya uzito badala ya uzito wenyewe. Kwa jaribio lisilo na bloku ipo pia ANOVA ya Welch, isiyodai mtawanyiko ulingane.

Kuhusu safu, una bahati, kila safu ina vizimba vinne. Fanya safu kuwa bloku, kila safu ipate vyakula vyote vinne. Utapoteza digrii mbili, zibaki 6, na F itatakiwa kuvuka 4.76. Bado nakushauri ulipe gharama hiyo, kwa sababu maji ya ufukweni na ya kina hayafanani hata kidogo. Andika majina ya vyakula kwenye vikaratasi, piga kura upya kwa kila safu, na ufunge vibao vizimbani kabla vifaranga havijaingia.