Chuma kutoka chini: mbona kiuno ndicho kinachouma?

Fundi wa Kikwajuni
Assalaam alaykum. Mie fundi cherehani, siku nzima nimeinamia nguo, ndiyo nikaingia jimu nitie nguvu mgongo. Mwezi wa tatu huu. Juzi nilinyanyua chuma kutoka chini, kilo 60, mara nane. Alfajiri yake kurukuu ilikuwa kazi, kiuno kimenikamata. Mwalimu wa pale nikimuuliza ananambia "kaza mgongo", kisha huyo anarudi kwenye simu yake. Kukaza ndiyo kufanya nini?

Hamali Mstaafu, Malindi
Wa alaykum salaam. Umeuliza na umejijibu, yakhe: rukuu. Chuoni tulifunzwa mgongo unyooke, hata ukimwagiwa maji yatulie. Chuma kinataka mgongo huohuo. Makalio yarudi nyuma kama unasukuma mlango kwa nyuma, magoti yakunjike kidogo, chuma kiwe karibu na muundi hata kiuguse. Wengi huinamisha kichwa kukifuata, mgongo ukapinda kama aliyekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hapo mzigo wote unaangukia kiunoni.

Vuta pumzi ishuke tumboni, kaza tumbo kama unangojea ngumi, ndipo usukume sakafu kwa miguu. Ukifika juu simama wima, basi. Wale wanaojipinda nyuma ni madaha tu.

Jipime kwa mpini wa ufagio. Uweke mgongoni uguse kisogo, kati ya mabega, na kifandugu. Inama polepole. Mpini ukiachia hata pahala pamoja, kosa lipo hapo.

Bint Wete
Kilo 60 na mkao bado? Shuka 30, hakuna anayekuhesabia. Na lile zoezi la kuvuta chuma umeinama, kiwiko kiende upande wa mfuko wa suruali, usinyanyue bega kuelekea sikio. Lakini ukisikia ganzi inashuka mguuni, wacha jimu, nenda kwa daktari.

Fundi wa Kikwajuni
Nimejipima dukani, mteja kanikuta na ufagio mgongoni akarudi mlangoni. Nikiinama mikono ikafika magotini, sawa. Ikipita hapo tu, kifandugu kinaachia.

Hamali Mstaafu, Malindi
Basi usikianzishe chini. Kitilie matofali kila upande kikae usawa wa goti, ukizoea utapunguza moja moja. Ila tafuta matofali mazima, haya ya siku hizi mchanga mtupu.