Mjadala: Je, Wachartisti wa Uingereza walishindwa?

Mleta Mada: Ndugu zangu, mwaka 1838 wafanyakazi wa Uingereza, walioitwa Wachartisti, walitoa Hati ya Wananchi (People's Charter) yenye madai 6, yakiwemo kura kwa kila mwanamume aliyefikisha miaka 21, kura ya siri, na mshahara kwa wabunge ili hata fundi asiye na mali aweze kuingia bungeni. Walipeleka maombi mwaka 1839, 1842 na 1848, na mara zote wakatoka mikono mitupu. Hata hivyo, madai 5 kati ya hayo yalikuja kuwa sheria baadaye. Je, tuseme walishindwa?

Mzee Kigogo: Walishindwa, wala tusipambe. Kura ya siri ilikuja mwaka 1867, vuguvugu lenyewe likiwa limekwisha kuzikwa. Tena walijiharibia wenyewe, maana ombi la 1848, ambalo kiongozi wao Feargus O'Connor alitamba kuwa lina saini zaidi ya milioni 5, lilikutwa na jina la Malkia Victoria, la Duke wa Wellington, na majina ya watu waliojiita Pua Ndefu na Pua Bapa. Watu wa namna hiyo ungewapa kura wewe?

Karani Mstaafu: Ni mwaka 1872, Mzee wangu, lakini hilo silo lililonikera. Kamati ya Bunge ilisema saini zote zilikuwa 1,975,496, zilizohesabiwa na makarani 13 kwa saa 17 hivi. Gawanya mwenyewe: kila karani alipitia saini karibu 149 kila dakika bila hata kumeza mate. Mimi nimehesabu kura darasani usiku kucha kwa taa ya chemli, karatasi moja ikiinuliwa ili mawakala wote waione, na ninakuapia kwamba kasi hiyo haipo duniani.

Mzee Kigogo: Kwa hiyo Pua Bapa alikuwa mtu halisi? Mwanangu, usitufundishe hesabu za kugawanya, tulizisoma kwa fimbo. Hata zikiwa milioni 3, si milioni 5 alizozitangaza O'Connor, ambaye siku ile ya tarehe 10 Aprili polisi walipomkataza kuvusha maandamano darajani alitii, na ombi likapelekwa kwa magari ya farasi ya kukodi.

Binti Mwambao: Mnabishania pua, ilhali taarifa hiyohiyo ya Kamati ilieleza kwamba zaidi ya saini 8 katika kila 100 zilikuwa za wanawake, na ikalitaja jambo hilo kana kwamba ni dosari ya aina moja na majina ya utani. Wanawake hao walitia saini ombi la kudai kura ambayo Hati yenyewe haikuwapa. Sijaona hata mmoja wenu aliyeshtuka.

Karani Mstaafu: Dada yangu, hapo umenipata. Ila ukumbuke kwamba bila fedha ya kuwalipa wabunge, iliyopatikana mwaka 1911, mwanamume maskini naye alikuwa na kura isiyo na mgombea.

Binti Mwambao: Alikuwa nayo, kaka. Hiyo "ila" yako ndiyo waliyoambiwa wao.

Mleta Mada: Ndugu zangu, swali langu lilikuwa kama walishindwa.

Mzee Kigogo: Nilishakujibu. Huyu karani aniambie kwanza, milioni 5 zilitoka wapi?