Pai ya embe inanitoa jasho, juu inapendeza chini mbichi, wadau nisaidieni

MamaKeki_Tegeta:
Wakuu habari za jioni. Mie naoka keki na mandazi ya kuuza huku Tegeta mwaka wa 4 sasa, keki sina wasiwasi nayo ila hii pai ya matunda imenishinda. Si mnajua msimu huu embe ni bwerere, jirani ana mwembe dodo anagawa kwa ndoo, nikasema hizi si hela zinaoza hapa. Nimeoka mara 3. Ya kwanza donge likaniyeyukia mkononi hata sijasukuma, nikaongeza unga nikaongeza unga mpaka ikatoka ngumu kama kigae. Ya pili juu rangi safi kabisa, nikapiga picha nikaweka status, kuja kukata sasa, mchuzi tupu umejaa na chini unga mbichi umelowa kama mkate uliodondokea kwenye chai. Ya tatu nikachemsha embe kwanza, ikawa jemu. Natumia unga nusu kilo, majarini robo, sukari kikombe, embe 5 zilizoiva vizuri, oveni ya umeme nyuzi 180 dakika 40, halafu tunaikata ya moto maana watoto hawana subira. Nakosea wapi? Mteja anaitaka Jumamosi na adivansi nishaila.

kijana_wa_mtwapa:
Mi nikisikia pai najua ni ya nyama, na chai ya saa nne. Hii ya embe si ni chapati imejaziwa juisi 😂

MamaKeki_Tegeta:
Kaka cheka tu ila mie hapa nadaiwa

fundi_unga:
Dada pole. Nimefanya kazi jikoni hotelini miaka mingi, makosa yako nayaona kama manne hivi ila kubwa ni joto. Dar mwezi wa 12 siagi inayeyuka ukiiangalia tu, na pai sio keki, kwenye keki unataka siagi laini, huku unataka vipande vya siagi baridi vibaki ndani ya unga, vikiyeyukia kwenye oveni mvuke unanyanyua unga ndo unapata tabaka tabaka. Ikiyeyukia mkononi mwako basi umepata kigae. Kwa hiyo kanda alfajiri kabla jua halijapanda, unga wenyewe uweke friza nusu saa, siagi ikate vipande irudi friza, maji yawe ya barafu. Kipimo ni unga gramu 300, siagi 200, chumvi kidogo, maji vijiko vikubwa 5 au 6, unayatia kidogo kidogo, likishikana tu unaacha, usikande kama chapati!! Funga kwenye nailoni friji saa zima ndo usukume. Na hiyo majarini ya kupaka mkate achana nayo, ina maji mengi na ni laini mno.

Embe sasa. Usitumie zilizoiva kulegea, chukua zinazoanza kuiva, ukibonyeza bado ngumu ngumu. Kata kilo 1, sukari nusu kikombe inatosha kabisa, ndimu 1, mdalasini ukipenda, acha nusu saa zitoe maji. Yale maji yachuje uyachemshe peke yake mpaka yawe mazito, yapoe, ndo uchanganye na embe na kornflawa vijiko vikubwa 3 mpaka 4. Usijaze embe kwenye unga halafu ukaenda kuoga, ukishajaza ni oveni moja kwa moja.

dada_wa_atlanta:
Fundi kamaliza, naongezea mdogo wangu. Huku Georgia, Marekani, kiangazi mwezi wa 6 na wa 7 ni pichi kila kona, zile kule Lushoto wanaita fyulisi, na shida yake ni hii hii, maji. Bibi mmoja jirani ndo alinifundisha, kwanza trei ya chuma inakaa kwenye oveni tupu, kitako cha chini kabisa, ipate moto mkali ndo unaweka pai juu yake. Nyuzi 220 dakika 20, halafu shusha 180 mpaka uone mchuzi unachemka katikati, sio pembeni tu, KATIKATI, mapovu mazito ya polepole. Kornflawa haishiki mpaka ichemke vizuri, bila hivyo itabaki maji. Ukingo ukianza kuungua ufunike foili. Alafu ikitoka usiiguse masaa 4. Najua watoto, wapeni biskuti.
Na ukiona joto limezidi, nusu ya siagi badilisha weka mafuta ya mgando ya KUPIKIA, jamani sio yale ya kujipaka, hayayeyuki haraka kama siagi.

mpishi_wa_mkaa:
Nyie wenye oveni mnaringa. Mi naoka kwa sufuria yenye mchanga, mfuniko una makaa juu. Kwa keki huwa naweka makaa mengi juu machache chini, ila pai nikafanya hivyo hivyo ikatoka kama ya dada hapo. Nikageuza, robo saa ya kwanza makaa mengi chini, baadae nahamishia juu. Inakubali.

kijana_wa_mtwapa:
Embe ngowe ndio imetulia kwa hii kazi, haina nyuzi. Hizo embe zenu za nyuzi mtachokoa meno mpaka Pasaka

MamaKeki_Tegeta:
Mrejesho wadau. Nimekanda saa 11 alfajiri, donge limesukumika mpaka nikajishangaa. Pai imeingia, dakika ya 25 umeme ukakatika 😭 Nikakumbuka ya mkaa, nikahamishia kwenye sufuria ya mchanga huku natetemeka, chini tayari ilishashika kwa hiyo makaa nikaweka mengi juu. Upande mmoja umeungua kidogo nikauficha na vipande vya embe. Nimesubiri masaa 4 na nusu, watoto wamekaa mbele ya meza kama msibani. Kukata, kipande kimesimama chenyewe! Mteja kasema sukari ndogo, nikamwambia ndo inavyoliwa Marekani 😂 Sasa siagi imenila hela yote, hivi nyie mnauza shi ngapi?

fundi_unga:
Kwanza piga hesabu ya siagi na mkaa, embe unapewa bure. Njoo inbox