Naomba ushauri: breki za Mustang ya 1965, nibadili au niache za asili?

Habari zenu wakuu. Niko Detroit. Baada ya miaka mitatu ya kukwangua kutu na kuchomelea sakafu, Ford Mustang yangu ya 1965, injini V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 289, imewaka. Ilipounguruma machozi yalinitoka.

Shida ni breki. Magurudumu yote manne yana breki za dramu (viatu vinavyobana ndani ya ngoma), na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ina chumba kimoja tu: paipu moja ikipasuka, huna breki kabisa. Za 1967 zilikuja na vyumba viwili.

Agosti nataka kumpakia mwanangu tupite barabara ya Woodward Avenue hapa mjini. Nifunge breki za diski (sahani inayobanwa na pedi) mbele na masta ya vyumba viwili, au gari litapoteza thamani? Na rimu za inchi 14 hazitagusa kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski)? Aliyewahi kufanya kazi hii anisaidie tafadhali.