Yule muuza darubini za bunduki hapa Mwanza leo kanivunjia heshima mbele za watu!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Yule jamaa wa skopu, yaani hizo darubini, pale mjini, sina haja ya kumtaja, mnamjua wote, leo kaniambia MIMI nikanunue manati. Manati! Duka limejaa wateja, hadi kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo tu akaangua kicheko.

Na nilichofanya ni kuuliza swali. Nina bunduki ya .375 H&H, vibali vyote viko sawa. Nyati wa vichakani anapigwa karibu, mara nyingi hata mita 100 hazifiki, kwa hiyo nataka skopu ya kukuza mara 1 hadi 4, niione picha pana. Yeye ananitolea 6-24x50, ya kukuza mara 6 hadi 24, ndefu kama kasia! Nyati akiwa mita 30, na hiyo kitu utamwona kupe tu, nyati mwenyewe humwoni!

Nikamuuliza jicho linakaa umbali gani na kioo. Maana .375 ina teke, ukifyatua inarudi nyuma kwa nguvu, skopu ya kubananisha jicho inakuchana nyusi risasi ya kwanza. Kijana ambaye hata shikamoo hakunipa akacheka mpaka akaegemea kaunta: "Mzee, kwa maswali hayo chukua manati, haina teke." Mimi nina wajukuu, wakuu! MANATI!

KirumbaKwetu: Pole sana mzee wangu. Ila manati alikuwa anauza bei gani?

Msalaba_Katikati: Huyo huyo aliniuzia skopu ya bunduki ya upepo, nikaifunga kwenye bunduki ya risasi, .30-06. Risasi chache tu msalaba wa kulengea ukalala upande. Kumrudishia, eti nimepiga kwa hasira.

Mleta mada: Mnaona sasa? Halafu mimi ndiye wa manati!

DagaaHalisi: Bora nyie. Sisi wavuvi tunauziwa taa za sola eti zinawaka mpaka asubuhi. Saa nane usiku giza, dagaa wote wametawanyika. Nimerudi kwenye karabai.

Igombe_Beach: Umenunua wapi hizo? Betri yangu nayo imevimba.

Mleta mada: Jamani, tunaongelea skopu hapa!

DagaaHalisi: Subiri kwanza mzee. Wewe wa betri, unachaji kwa paneli ya wati ngapi?

Igombe_Beach: 50, ila nadhani waliongopa stika.

KirumbaKwetu: Stika zote za pale ni uongo. Fungueni uzi wa paneli tuwaanike.