Mgonjwa akikuomba umwombee ukiwa zamu, mwafanyaje?

sista_kisauni
Hamjambo wapendwa. Mimi ni nesi, niko wodi ya wanawake hapa Mombasa, hospitali sitaitaja. Ni Mkristo na kila mtu kazini ajua. Majuzi nilikuwa naiti, kuna mama alikuwa aingie thieta asubuhi, nikaenda kumpima presha iko juu kidogo, nataka kutoa ile kafu, kile kitambaa cha kupimia presha, akanishika mkono akaniambia sista niombee mwenzio naogopa. Nikamwombea hapo hapo, sentensi mbili tatu sauti ya chini, nikamfunika, akalala. Kumbe kitanda cha pili mtu yuko macho. Asubuhi watu wake wakaenda kwa inchaji, mkuu wa wodi, ati manesi wahubiri wodini, na inchaji akaniita akanambia dini iache geti ukiingia.

Sasa mimi nauliza kwa roho safi tu. Chuo tulifundishwa mgonjwa ni mwili, akili na roho, tukaandikishwa kea plani (mipango ya kumhudumia mgonjwa) za dhiki ya kiroho hadi vidole vikauma, ukikosea wapoteza maksi, halafu kufika kazini roho iachwe geti na askari? Mwenye uzoefu anisaidie, mpaka uko wapi?

mama_mstaafu
Pole mwanangu. Mimi nimestaafu, nimefanya wodi za kawaida na miaka ya mwisho nikawa na wagonjwa wa kansa, kwa hiyo hili nalijua. Kwa hiyo habari uliyoleta sioni kosa, yeye ndiye aliyeomba, wewe ulijibu. Tatizo lenu nyinyi vijana (si wewe, wengine) ni kuanza. Soma Yakobo 5, mgonjwa ndiye anayewaita wazee wa kanisa waje wamwombee, sio wazee wanaozunguka vitanda wakitafuta mgonjwa. Na Bartimayo kipofu, kila mtu pale aona huyu ni kipofu, lakini Yesu bado amuuliza wataka nikufanyie nini. Kama yeye aliuliza, wewe na mimi ni nani tusiulize?

Kuuliza kwenyewe kuna njia. Daktari mmoja Marekani, Christina Puchalski, alitengeneza maswali yanaitwa FICA, hospitali nyingi huyatumia, na mimi nilikuwa nayauliza kwa Kiswahili cha nyumbani tu wakati wa kumlaza mgonjwa: mama, ukiwa na shida kama hii nini hukupa nguvu? Jambo hilo lina uzito gani kwako sasa hivi unaumwa? Una watu wa kanisani au msikitini wa kukuangalia? Ungependa sisi hapa tukusaidie vipi? Basi. Mwengine atakwambia niitie padri, mwengine nataka maji ya kutawadha kabla ya alfajiri, mwengine atakwambia sista mimi sina dini nataka tu redio. Yote unaandika kwenye faili, sio unabeba kichwani, ili wa zamu ya asubuhi naye ajue.

Na mwambie inchaji wako kwa heshima kwamba hii si mambo ya walokole. Cicely Saunders alianza kama nesi, akawa mfanyakazi wa jamii wa hospitali, akasomea udaktari ukubwani, mwaka 1967 akafungua hospisi, yaani mahali pa kuwatunza wanaokaribia kufa, ya St Christopher's kule London. Yeye ndiye aliyesema maumivu ya mtu anayekufa ni ya mwili na moyo na jamaa na roho, vyote pamoja, dawa kali ya maumivu kama morfini peke yake haimalizi. Alikuwa Mkristo wa kweli kweli na hospisi yake ilipokea wa dini zote na wasio na dini.

kibokoni_boy
Dada sista mie ni Muislamu na nitakwambia upande wetu manake huyo wa kitanda cha pili huenda alikuwa mtu wangu 😅

Bibi yangu alilazwa akiwa hali mahututi, tukampata nesi ana msalaba shingoni, mie nikasema haya, leo tutahubiriwa. Yule dada akaja akauliza, bibi apenda alaziwe vipi, tukamwambia aelekezwe kibla. Kwa hapa Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja, Makka iko juu yetu tu. Akafungua breki za kitanda, akasukuma stendi ya dripu na goti huku ameshika ile mipira isivutike, akakizungusha kitanda chote peke yake kabla sijainuka kumsaidia, halafu akavuta pazia akatwambia someni Yasin kwa utulivu, mkinihitaji niko pale mezani. Hakutaja dini yake hata mara moja na wallahi mamangu humuombea dua mpaka leo.

Ila pia shangazi yangu kwengine aliambiwa na mtu wa wodi ampokee Yesu kabla hajafa. Mgonjwa hawezi hata kugeuka, anategemea mkono wako kwa maji ya kunywa, unamwambia maneno hayo, atakataa vipi? Akikataa ataogopa hutamletea bedipani. Hilo ndilo linalotukera, sio maombi.

dozi_kwa_wakati
Nitawakera lakini nasema. Dripu imeisha, damu imerudi kwenye mpira, sista yuko kitanda cha tano ameshikana mikono na mtu macho yamefumbwa. Maliza dawa za saa nne kwanza!!

Na wanaosema maombi yanaponya basi tuombe zaidi, kuna utafiti mkubwa Marekani ulitoka 2006, wagonjwa 1,802 wa opereshoni ya moyo, waligawanywa makundi, wengine wakaombewa na watu wasiowajua, wengine hawakuombewa. Wasiojua kama wanaombewa au la hawakuwa na tofauti na wasioombewa. Waliojua kwa hakika wanaombewa ndio waliopata matatizo zaidi kidogo, 59 kwa 100, wenzao walioombewa bila kuwa na hakika 52. Labda waliingia wasiwasi, kwani niko mbaya kiasi gani mpaka naombewa na wageni.

mama_mstaafu
@dozi_kwa_wakati utafiti huo naujua na haunitishi, ule ulikuwa watu wa mbali wenye orodha ya majina. Huyu mama alitaka mkono wa mtu. Lakini kwa dripu uko sawa kabisa, nesi anayeomba vizuri na mgonjwa ana kidonda cha mgongo kwa kutogeuzwa, mimi sitaki hata kusikia amina yake. Kumgeuza kila saa mbili, kumsafisha kinywa, hiyo kwa Mkristo ndiyo ibada yenyewe, Mathayo 25, pale Yesu asema nilikuwa mgonjwa mkaja kuniangalia.

wakili_wa_likoni
Kwa upande wa sheria kwa kifupi. Katiba ya 2010 kifungu cha 32 chakupa uhuru wa dini na kuidhihirisha, na kifungu hicho hicho chasema mtu asilazimishwe kutenda kinyume na imani yake. Kwa hivyo wewe una haki na kitanda cha pili ana haki. Uingereza nesi mmoja alisimamishwa kazi Desemba 2008 kwa kumuuliza tu mgonjwa kama angependa aombewe, na Februari 2009 akarudishwa. Ukiombwa na mgonjwa mwenyewe uko mahali pazuri zaidi kuliko yeye, lakini andika, andika, andika. Na kama kuna mtu wa kanisa anakuja wodini kuwaambia watu waache dawa za presha au ARV kwa sababu wameshapona, hiyo usiiite maombi, ripoti siku hiyo hiyo.

sista_kisauni
Asanteni sana jamani, hata @dozi (dripu zangu hazirudi damu 😂). Nimempelekea inchaji yale maswali manne nimeyachapa karatasi moja, amesoma akaguna, akasema tujaribu kwa wanaolazwa wiki hii tuone. @kibokoni_boy pazia nimelichukua, wakati ule sikulivuta. Swali moja mama, ukiandika kwenye faili waandika vipi? Niliomba na mgonjwa, tu hivyo?

mama_mstaafu
Waandika saa, aliomba nini kwa maneno yake, ulifanya nini, na alikuwaje baadaye. "Saa tano usiku, mgonjwa asema anaogopa opereshoni, aliomba kuombewa, aliombewa, saa sita amelala." Na presha uipime tena uiandike hapo chini yake.