Nitajuaje uzito wangu wa mwisho benchini (ule ninaoweza kuusukuma mara moja tu) bila kuujaribu?

Vyuma_Makindye: Wakuu, nasukuma kilo 60 benchini mara 15. Nikikadiria uzito wa mwisho, kanuni ya Epley inanipa kilo 90, ya Brzycki inanipa 98. Jimu yetu haina nondo za kudakia chuma wala mtu wa kusimama kichwani, kwa hiyo uzito wa mwisho sithubutu. Nishike ipi?

Kocha_Jinja: Usishike hata moja, mara 15 ni nyingi mno. Epley ni uzito × (1 + marudio ÷ 30). Brzycki ni uzito × 36 ÷ (37 − marudio). Kwenye marudio 10 jibu ni lilelile. Ukipita hapo zinaachana na haziaminiki, maana kinachokusimamisha ni uchovu zaidi kuliko nguvu. Tafuta uzito wa mara 3 hadi 5. Pasha mwili kwa chuma kitupu mara 10, kilo 40 mara 5, 60 mara 3, 70 mara 1. Pumzika dakika 3 hadi 5, weka 80. Ukitoa 5, Epley inasema 93, Brzycki 90. Chukua ndogo, kisha asilimia za mazoezi uzipigie kwenye kilo 81, yaani asilimia 90 yake. Siku za usingizi mbovu na njaa zipo.

Dada_wa_Chuma: Na hata hiyo seti usiimalize. Chuma kikianza kupanda kwa kusuasua, ukiona imebaki moja tu, rudisha, halafu ongeza 1 kwenye hesabu. Yanahesabiwa marudio safi peke yake: kiguse kifua bila kudunda, matako yabaki benchini. Ukiwa peke yako usifunge vibanio vya kushikilia pleti. Ukikwama unainamisha upande mmoja, pleti zinateleza chini. Kidole gumba kizunguke chuma, tafadhali.

Vyuma_Makindye: Asante dada. Chuma chetu kimetengenezwa na fundi wa kuchomelea, pleti ni za saruji. Chuma chenyewe nikihesabu kilo 20?

Kocha_Jinja: Hapana! Kilo 20 ni chuma cha mashindano ya wanaume. Cha fundi kinategemea bomba alilopata. Kipeleke kwenye mizani ya muuza mahindi, na pleti mojamoja, uandike uzito kwa rangi. Saruji humeguka, kwa hiyo rudia kupima zikianza kulika kingo. Mizani ikikosekana, tumia chuma kilekile na pleti zilezile kila mara: kilo hutazijua, ila utaona kama nguvu inapanda.